Mabasi ya hidrojeni: miji ilivyonunua kwa msaragambo, na hesabu ya njia ya Same

Mfanyabiashara wa Same anayepeleka tangawizi ya Mamba Miamba au mchele wa Ndungu katika soko la Dar es Salaam hulipia dizeli hata kama hana gari. Gharama hiyo imo ndani ya nauli, imo ndani ya kodi ya lori, na imo ndani ya bei ya gunia. Ndiyo maana kila habari ya nishati mpya ya magari huwagusa watu wa Upare, na ndiyo maana wenye akiba ndogo hushawishika mapema kuweka fedha zao katika magari ya gesi, ya betri, na sasa ya hidrojeni.

Miji mingi ya Ulaya, pamoja na michache ya Kanada, Australia na China, imekwisha kulipa ada ya somo hili. Kwa zaidi ya miaka 20 miji hiyo imepanga pamoja namna ya kuingiza mabasi ya hidrojeni barabarani. Matokeo yake yanaonyesha mambo mawili. Kwanza, bei ya chombo kipya hushuka pale wanunuzi wanapoungana. Pili, faida au hasara huamuliwa na bei ya nishati pale pampu ilipo. Miji mingi ilifaulu katika la kwanza ikajikwaa katika la pili.

Basi lenyewe

Basi la hidrojeni ni basi la umeme. Badala ya kubeba umeme wote ndani ya betri, hubeba gesi ya hidrojeni katika mitungi iliyofungwa juu ya paa, kwa kawaida kwa mgandamizo wa bar 350, yaani karibu mara 350 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Gesi hiyo hukutana na oksijeni ya hewani ndani ya chombo kiitwacho seli ya mafuta, na hapo hupatikana umeme wa kuzungusha mota, joto, na maji. Moshi haupo. Kujaza mitungi huchukua dakika chache kama kujaza dizeli, na basi la mjini huweza kwenda kilomita 300 hadi 400 kabla ya kurudi kwenye pampu. Hiyo ndiyo sifa inayolitofautisha na basi la betri, ambalo hukaa muda mrefu kwenye chaji.

Tatizo ni kwamba hidrojeni ni bidhaa ya kutengenezwa. Sehemu kubwa ya hidrojeni inayotumika duniani hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na njia hizo hutoa hewa ya ukaa. Njia safi ni kupasua maji kwa umeme. Kwa njia hiyo, kilo moja ya hidrojeni huhitaji lita 9 za maji safi kwa uchache, na yuniti 50 hadi 55 za umeme.

Miji ilivyoungana

Kila mwenyeji wa Upare anajua maana ya msaragambo. Mfereji wa maji ukijaa tope, kila kaya hutoa mtu wa kazi, kwa kuwa hakuna kaya moja iwezayo kuuzibua peke yake. Miji ya Ulaya iliyachukulia mabasi ya hidrojeni kwa namna hiyo hiyo.

Mwaka 2003 ulianza kazi mradi uliojulikana kama CUTE, uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya. Miji tisa, yaani Amsterdam, Barcelona, Hamburg, London, Luxembourg, Madrid, Porto, Stockholm na Stuttgart, ilipewa mabasi matatu kila mmoja, yote ya aina moja ya Mercedes-Benz Citaro. Reykjavik nchini Iceland, Perth nchini Australia na Beijing nchini China ilipata mabasi matatu matatu ya aina hiyo, na kufanya jumla ya mabasi 36. Kila basi liligharimu zaidi ya euro milioni moja na lilikula zaidi ya kilo 20 za hidrojeni kwa kilomita 100. Kibiashara ilikuwa hasara tupu. Faida yake ilikuwa kwamba miji 12 ilipima kitu kimoja kwa wakati mmoja, katika baridi, joto na milima, kisha ikalinganisha vitabu.

Mwaka 2006 baadhi ya miji na majimbo, yakiwamo London, Hamburg, Berlin, Cologne, British Columbia na Australia Magharibi, iliunda umoja wa wanunuzi wa mabasi ya hidrojeni. Hoja yao ilikuwa ya sokoni. Mtengenezaji hawezi kufungua kiwanda kwa ajili ya oda ya mabasi matatu, na mji hauwezi kutoa oda kubwa kwa bei ya majaribio. Kila upande unamngoja mwenzake. Miji ikitangaza kwa pamoja itanunua mangapi na lini, mtengenezaji hupata sababu ya kushusha bei.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2017 na 2018 kupitia miradi miwili ya JIVE, iliyolenga karibu mabasi 300 katika miji mingi ya Ulaya. Miji iliwekwa katika makundi, na nchini Uingereza mamlaka ya usafiri ya London iliongoza ununuzi kwa niaba ya miji mingine pia. Sharti la ruzuku lilikuwa kwamba basi la kawaida lisizidi euro 650,000 katika mradi wa kwanza na euro 625,000 katika wa pili. Kwa hiyo, katika miaka 15 bei ilishuka karibu nusu, na ulaji wa gesi ukashuka hadi kilo 7 hadi 9 kwa kilomita 100. Hata hivyo, bei hiyo bado ilikuwa zaidi ya mara mbili ya basi la dizeli.

Mfumo huo si mgeni kwa mfanyabiashara wa Tanzania. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mafuta ya petroli na dizeli yanaingia nchini kwa uagizaji wa pamoja. Kampuni nyingi huunganisha mahitaji yao, zabuni hushindaniwa, na meli moja huleta shehena ya wengi. Kazi hiyo husimamiwa na PBPA, na EWURA hutangaza bei za kikomo kila mwezi.

Pale mipango ilipokwama

Whistler, mji wa milimani katika jimbo la British Columbia, ulipokea mabasi 20 ya hidrojeni kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2010. Lilikuwa kundi kubwa kuliko yote duniani wakati huo. Lakini hidrojeni yake ilisafirishwa kwa malori kutoka Quebec, upande wa pili wa Kanada, maelfu ya kilomita. Fedha za mradi zilipokwisha mwaka 2014, mabasi yaliondolewa barabarani na dizeli ikarudi.

Montpellier, mji wa kusini mwa Ufaransa, ulipanga kununua mabasi 51. Januari 2022 uliachana na mpango huo. Hesabu za mji zilionyesha kwamba nishati ya basi la hidrojeni ingegharimu senti 95 za euro kwa kilomita, dhidi ya senti 15 kwa basi la betri. Ruzuku ya kununulia mabasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni fedha za kuyaendesha kila siku.

Van Hool, kampuni ya Ubelgiji iliyokuwa muuzaji mkubwa wa mabasi hayo, ilifilisika mwaka 2024. Miji iliyonunua kwake ilibaki na mabasi ambayo vipuri vyake havipatikani kwa fundi yeyote wa mtaani.

Upande wa pili uko Cologne nchini Ujerumani. Kampuni ya mabasi ya eneo hilo imeendelea kwa miaka mingi na kukuza kundi lake. Moja ya sababu ni kwamba ilianza karibu na viwanda vya kemikali vya Hürth, ambako hidrojeni hutoka kama bidhaa ya ziada. Huko pampu ilifuata gesi iliyokuwapo tayari. Whistler ilifanya kinyume, ikaweka pampu mahali ambako gesi haipo.

Hesabu ya Same hadi Dar es Salaam

Umbali wa Same hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu, ili msomaji aweke za siku yake: yuniti ya umeme shilingi 300, na lita ya dizeli shilingi 2,800.

Basi la dizeli linalokula lita 35 kwa kilomita 100 litatumia lita 157.5, sawa na shilingi 441,000.

Basi la betri linalokula yuniti 1.3 kwa kilomita litatumia yuniti 585, sawa na shilingi 175,500.

Basi la hidrojeni linalokula kilo 8 kwa kilomita 100 litatumia kilo 36. Kwa kiwango cha yuniti 55 kwa kilo, umeme wa kuzitengeneza ni yuniti 1,980, sawa na shilingi 594,000.

Basi la mkoani hutofautiana na la mjini kwa kasi na mizigo, lakini uwiano ndio wenye somo. Umeme uliopitia hidrojeni unahitajika zaidi ya mara tatu ya ule uliokwenda moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu sehemu kubwa hupotea katika kupasua maji, kushindilia gesi na kuirudisha kuwa umeme. Ili umeme peke yake ulingane na dizeli ya mfano huu, yuniti ingepaswa kushuka hadi shilingi 223 hivi. Na hapo bado havijahesabiwa mtambo wa kupasulia maji, mashine ya kushindilia, matangi, wala riba ya benki.

Maji ni hesabu nyingine, na inastahili kutazamwa kwa utulivu kwa kuwa Same ya tambarare ni nchi kame. Kilo 36 zinahitaji lita 324. Mabasi kumi kwa siku yangehitaji lita 3,240, na hata zikizidishwa mara mbili kwa ajili ya maji yanayopotea katika kusafisha, ni lita 6,480. Kiasi hicho ni kidogo mbele ya mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe uliozinduliwa Machi 2025. Umeme ndio mzito. Mabasi hayo kumi, kwa safari ya upande mmoja tu, yangekula yuniti 19,800 kwa siku, sawa na mzigo wa kilowati 825 usiku na mchana. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wote wa kituo cha Nyumba ya Mungu, ambacho ni cha megawati 8.

Ndiva ya umeme

Watetezi wa hidrojeni wana hoja moja nzito, na watu wa Same wanaweza kuielewa kuliko wengi. Katika milima ya Upare wazee walijenga ndiva, mabwawa madogo kama lile la Manoo huko Bangalala. Usiku, ambapo hakuna anayemwagilia, maji ya kijito hujaza ndiva. Asubuhi hufunguliwa kwa zamu, na maji hushuka kwa nguvu ya kutosha kufika shamba la mwisho. Hidrojeni inaweza kuwa ndiva ya umeme. Mtambo hupasua maji wakati umeme umezidi na hauna mnunuzi, kisha gesi hutunzwa hadi itakapohitajika.

Umeme wa ziada si ndoto nchini. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza uzalishaji, baadhi ya mitambo ya maji ilizimwa kwa muda kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini lipo Rufiji, mbali na Kaskazini. Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, na sababu iliyotajwa ni upotevu wa umeme katika safari ndefu ya nyaya. Kwa hiyo ziada iko kusini na mahitaji yako kaskazini. Ndiva huchimbwa pale maji yanapopita. Ikichimbwa kwingine hubaki kavu. Kwa leo, mtambo wa hidrojeni ungekuwa na hoja nzuri zaidi karibu na umeme wa ziada kuliko Same.

Majirani wanachagua nini

Afrika Mashariki bado haina kundi la mabasi ya hidrojeni yanayobeba abiria. Kila mji umekwenda njia yake.

Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendokasi Mei 2016 kwa dizeli, na awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140. Mji huo hupata gesi ya Songo Songo tangu mwaka 2004, na mwaka 2025 mabasi yanayotumia gesi asilia yaliingizwa kwa ajili ya njia ya Mbagala. Nairobi imeelekea kwenye betri. Kampuni ya BasiGo ilianza mwaka 2022 kwa mtindo ambao mwenye matatu hununua basi bila kulipia betri, kisha hulipa kwa kila kilomita gharama ya betri, chaji na matengenezo. Uganda ina kampuni ya umma ya Kiira Motors, iliyoonyesha basi la Kayoola la umeme wa jua mwaka 2016 na baadaye kutengeneza mabasi ya betri. Kenya ilitoa mkakati wa hidrojeni mwaka 2023, lakini mkazo wake wa kwanza ni mbolea. Hapo hidrojeni hutumika kama malighafi na haishindani na betri.

Kwa mfanyabiashara wa Same jambo zito limejificha katika tofauti hizo. Basi la njia kuu hupita Arusha, Moshi, Mwanga, Same, Korogwe na Chalinze kabla ya kuingia Dar es Salaam. Umbali huo wote unazidi kilomita 600, na basi la kawaida la hidrojeni la mjini haliwezi kuumaliza bila kujazwa njiani. Dar es Salaam ikikaa na gesi, Moshi ikachagua betri na Same ikajenga pampu ya hidrojeni, pampu hiyo itakosa wateja hata ikiwa nzuri namna gani. Mwenye deni hatakuwa mji. Atakuwa mwanachama wa SACCOS aliyeweka akiba yake humo. Dizeli inashinda leo kwa sababu kituo chochote, kuanzia Same hadi Chalinze, kinaweza kulihudumia basi lolote. Nishati mpya haitaingia njia kuu mpaka miji yote ya njia hiyo ikubaliane aina moja ya pampu.

Mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha

1. Nishati inatoka wapi, na bei yake imefungwa kwa mkataba wa miaka mingapi? Asiyeweza kujibu hili bado hajafika mahali pa kuomba mtaji.

2. Mabasi mangapi yamesaini kununua kila siku? Pampu hufa kwa kukosa wateja upesi kuliko kwa ubovu.

3. Miji mingine ya njia hiyo imechagua nini? Barua ya ahadi haitoshi. Itazamwe zabuni iliyotangazwa.

4. Ruzuku inaisha lini, na siku ya pili yake gharama ya kilomita moja itakuwa kiasi gani? Mfano wa Whistler ujibiwe kwa tarakimu.

5. Nani anabeba hasara betri au seli ya mafuta ikichakaa? Mtindo wa kulipa kwa kilomita humwachia mwenye teknolojia hatari hiyo. Kununua kwa fedha taslimu humbebesha mwenye basi.

6. Mtengenezaji akifilisika, vipuri na fundi vitapatikana wapi karibu? Fundi wa Moshi ana thamani kuliko cheti cha Ulaya.

Kwa mwenye mtaji mdogo, kungoja hakuna hasara hapa. Bei za vyombo zimeshuka kwa sababu wengine walitangulia, na zitaendelea kushuka bila yeye. Wakati huo huo kuna kazi zitakazolipa nishati yoyote itakayoshinda: maegesho mazuri ya mabasi karibu na stendi, chakula na mapumziko ya abiria, matairi, na gereji yenye fundi wa umeme wa magari. Basi likija na gesi, betri au hidrojeni, bado litasimama Same, na abiria wake watashuka wakiwa na njaa.

Kwa halmashauri na vyama vya ushirika, kazi ya kwanza ni kikao cha miji ya njia kuu, kabla ya pampu wala basi. Miji ya Ulaya ilihitaji miaka mitatu, kuanzia 2003 hadi 2006, kutambua kwamba mabasi matatu matatu hayashushi bei. Arusha, Moshi, Same na Korogwe zinaweza kuanza pale wenzao walipofikia: kuhesabu kwa pamoja mabasi yanayopita kwa siku na lita zinazoteketea, kisha kumuuliza muuzaji wa gesi, wa umeme au wa hidrojeni atatoa bei gani kwa wote. Jibu likizidi bei ya dizeli kwa kilomita, kikao kitakuwa kimeokoa fedha za watu. Likipungua, wataingia sokoni kama mnunuzi mmoja mkubwa.